Mnong'ono Uliokatwa

Jirani yetu Maganga ana kibanda cha kuhamishia nyimbo kwenye flashi pale Bariadi. Asubuhi hiyo alikuwa akinywa chai yake kwa raha zake, ndipo akaingia mjane mmoja, Nyanjige, na kaseti iliyofungwa kwenye pindo la kitenge.

"Mwangaluka, mayu," Maganga alimwamkia mama yule kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, ng'wanone. Hii ni sauti ya mume wangu, Limbu. Sina nyingine. Jumamosi tunaanua matanga kule Shishiyu, nataka watoto wamsikie. Iweke kwenye kadi hii ya simu yangu, usipunguze kitu."

Limbu alikuwa manju, kiongozi wa ngoma aliyetikisa Maswa nzima. Manju haanzi kuimba kabla hajafunga uwanja. Hunong'ona kwanza maneno ya kinga, dawa za kundi pinzani zisiingie. Maganga aliyajua hayo tangu utoto, ila siku hiyo aliwaza tu jinsi kadi ya simu ya mama yule ilivyojaa kwaya.

Kaseti ilicheza mara moja, utepe ukakatika. Haikumsumbua, kwani sauti ilikwishaingia kwenye kompyuta, faili zito la WAV. Mwanzoni palikuwa na mnong'ono wa chini sana. Akadhani ni uchafu wa mkanda, akaukata. Kisha akaubana wimbo kuwa MP3 ya kilobiti 64, kiwango cha chini, akafuta lile faili zito apate nafasi. Uvivu mtupu!

Akausikiliza. Limbu aliimba, lakini kwa mbali. Akarudia. Limbu alikuwa mbali zaidi.

Akauhifadhi upya kwa 320, kiwango cha juu. Alijua fika kwamba sauti ikishabanwa hairudi, faili hunenepa bure tu. Alikuwa anatapatapa.

Akabonyeza.

Pale mwanzo, alipokata, palikuwa na mnong'ono.

Haukuwa wa Limbu. Ulikuwa karibu. Ulikuwa na pumzi.

"Nani kafungua?" ukauliza, kwa Kisukuma.

Nje jua lilikuwa kali na bodaboda walikuwa wanabishania abiria. Umeme ukakatika. Kompyuta ikazima, spika zikazima. Ngoma haikuzima. Ilizunguka kiti alichokalia Maganga taratibu, ikatoka mlangoni. Maganga alipothubutu kutazama chini, aliona nyayo za vumbi zimekizunguka kiti, vidole vyote vimemwelekea yeye.

Nyanjige alirudi jioni, umeme ukiwa umerudi. Akavaa spika za masikioni, akasikiliza kidogo, kisha akazivua.

"Limbu yuko wapi?"

"Yumo, mayu."

"Hayumo. Njuga ni zake. Huyu anayeimba simjui." Akanong'ona, "Ulikata mwanzo?"

Maganga akainamisha kichwa kukubali.

"Basi nimemzika mara ya pili," alisema mama yule, akalia kwa uchungu hadi wapita njia wakasimama.

Maganga alifuta kila kitu kwenye kompyuta ile, akaapa hatagusa tena kaseti ya mtu. Jumapili akaenda kwa dada yake Felisita, aliyekuwa anapika huku akisikiliza kwaya kwenye flashi aliyowekewa na Maganga mwaka jana, kabla kabisa ya kaseti ile kuja. Wimbo mmoja ukaisha. Kabla wa pili haujaanza, ukaja mnong'ono.

"Nani kafungua?"

Safari hii kuna aliyejibu, kwa mbali sana, kwa sauti ambayo Nyanjige angetoa chochote aisikie.

"Maganga," alisema Limbu.