Mkalimani wa Duara la Mayala

Ndoo ilipanda tupu, lakini mizani ya winchi ikaonyesha uzito wa mtu mzima.

Coletha aliitazama skrini, akachungulia dirishani, akairudia skrini. Ndoo ilikuwa inaning'inia kwenye mdomo wa duara, shimo la kuchimbia dhahabu, haina kitu, jua la saa nane mchana limeingia mpaka kitakoni. Waya umekaza. "Mizani imekufa," akajisemea, maana watu wa kompyuta hulaumu vifaa kwanza, kuogopa baadaye. Kisha akasikia harufu ya udongo uliolowa mvua, na Geita nzima ilikuwa haijaona tone tangu Mei.

Niseme mapema, huyu mama hakuwa mjinga. Ni yeye aliyeandika programu ya kuendesha winchi ile, na iliendesha vizuri. Shida ilikuwa Mayala, mwenye duara. Leo anataka ndoo iende polepole, kesho anataka feni ya hewa iongezwe mwendo, na kila akitaka jambo, Coletha alilazimika kuifumua programu, kuijenga upya na kusimamisha kazi nzima. Alichoka. Ndipo akapachika ndani yake programu nyingine ndogo, mkalimani, ambaye kazi yake ni kusoma maagizo ya maneno mepesi kutoka kwenye faili, mstari kwa mstari, na kuyatekeleza papo hapo bila winchi kusimama. Mayala angeandika mwenyewe "shusha", "pandisha", "subiri", na Coletha angepumzika.

Sasa, mkalimani wa namna hiyo huingia hana mikono. Mwenyeji wake ndiye anayemchagulia vya kugusa. Coletha angeweza kumpa mota peke yake, yakaisha. Lakini alimjua Mayala, alijua simu zitaanza tena, akampa kila kitu: mota, breki, king'ora, na ile feni inayopeleka hewa chini. Uvivu tu, jamani. Na huko chini, pamoja na wenzake, alikuwa ameshuka kuchimba Alois, mumewe.

Akafungua faili ya maagizo. Chini ya maneno ya Mayala palikuwa na mstari mmoja wa ziada: "subiri". Akaufuta. Ukarudi. Akaufuta tena, na safari hii ulirudi na mwenzake: "hapa ni kwangu".

Nje, mlio wa feni ukaanza kushuka.

"Mayala," akaita kwa sauti ya chini, kama kuna mtoto amelala. "Umeandika nini humu?"

Mayala aliingia akifuta jasho. "Sijagusa tangu asubuhi, Mama Blessing." Akasoma skrini, uso ukamshuka. "Feni kazima nani?"

"Si mimi."

"Iwashe basi."

"Hainisikii. Inamsikiliza huyu aliyemo humu."

Swichi ya mkono haikuwepo, Mayala aliing'oa zamani kwa kuwa vibarua walikuwa wanaichezea. Breki ya winchi nayo ilikuwa imeng'ata, vijana wanne walivuta waya mpaka viganja vikachubuka, haukusogea. Mayala hakubishana tena. Alikimbia upande wa karasha, mashine ya kusaga mawe, akarudi na Bibi Mageni, yule mfumu, mganga aliyeliombea ruhusa duara siku linafunguliwa.

"Shikamoo, Bibi," alisema Coletha.

"Marahaba." Bibi hakuitazama kompyuta. Alinusa hewa. "Ni yule wa chini. Siku zote yupo. Alikuwa hana mdomo tu. Nani kampa?"

"Mimi, Bibi. Sikujua."

"Basi usimfukuze hivi hivi. Jini humtoi mahali mpaka umuulize anataka nini, halafu umwonyeshe pa kwenda. Nitafutieni mbuzi mweusi, nizungumze naye taratibu. Mpaka jua litue tutakuwa tumeelewana."

"Chini hakuna hewa, Bibi."

"Najua, mwanangu."

"Mume wangu yuko chini."

"Najua. Ndiyo maana nakuomba usubiri."

Coletha akafanya ishara ya msalaba na kuanza Salamu Maria, asiifikishe popote, kwa sababu kupitia bomba la hewa walikuwa wanagonga, watu wa chini, wanagonga kwa jiwe au kwa nyundo, mwanzoni kwa haraka na kwa hasira, kisha mmoja mmoja, kisha kwa kupumzika katikati, na kila walipopumzika yeye alimwona Alois akiwa ameegemea ukuta wa mwamba na mdomo wazi, akingojea hewa ambayo mkewe ndiye aliyeikabidhi kwa mgeni, na harufu ile ya mvua ikazidi chumbani mpaka ikawa kama inatoka ndani ya pua zake mwenyewe, na pigo lililofuata hakulisikia kabisa.

Akaizima kompyuta. Kwenye laptopu yake alikuwa na programu ya zamani, ile isiyo na mkalimani. Akaipakia.

"Usifanye hivyo, mwanangu," alisema Bibi Mageni.

Akaiwasha.

Feni ilinguruma. Harufu ikakatika. Breki ikaachia, na ndoo ikaanza kupandisha watu, wanakohoa, wanatapika, lakini hai. Alois alitoka wa mwisho. Coletha alimkumbatia huku analia bila aibu, na vijana wakacheka kwa furaha. Bibi Mageni peke yake hakucheka. Alimtazama Alois machoni kwa muda, kisha akamuuliza mkewe kwa upole, "Umemwonyesha pa kwenda?"

Coletha alimfuta mumewe vumbi usoni. Mayala alimwambia Alois apande pikipiki, akapanda. Blessing walimwacha kwa jirani ili baba yake apumzike.

Jua lilikuwa bado halijazama Coletha alipomwekea ugali na mlenda nyumbani. Alois aliketi mbele ya sahani, mikono magotini.

"Kula, Baba Blessing."

Akakata tonge, akala. Mkono ukarudi gotini.

"Kula, baba."

Tonge jingine. Moja tu. Ni uchovu, alijiambia Coletha, ni ile hewa, mtu yeyote angekuwa hivi. "Basi lala kidogo."

Akalala chali, amenyooka. Coletha alikaa pembeni ya kitanda, akamwekea kiganja kifuani kwa mapenzi, akimshukuru Mungu. Akasubiri kifua kipande. Akasubiri. Hakikupanda.

"Pumua," akanong'ona.

Kifua kikapanda, kikashuka, kikatulia.

"Pumua."

Kikapanda, kikashuka, kikatulia. Agizo moja, pumzi moja, kama mkalimani na mstari wake. Akaona hataweza hivi, atasinzia, atameza mate, atamwitikia mtoto mlangoni, na katika kasekunde hako atakuwa mjane. Akainama mpaka sikioni kwa mumewe.

"Endelea kupumua, Baba Blessing. Usiache."

Macho ya Alois yakafunguka. Yalimgeukia taratibu, na sauti iliyotoka, pamoja na harufu ya udongo uliolowa mvua, haikuwa yake, ingawa ilikuwa na adabu sana.

"Mpaka lini?"