Bawa la Juu

Haya yalimpata rafiki yangu Tahiru wa Koboko, mwaka 1987, aliporudi kutoka ukimbizini Sudan. Kaka yake Fadhul, fundi wa ndege za jeshi aliyepoteza kidole kimoja kwa kukatwa na pangaboi la injini, walimzika huko huko, bila sanda. Tahiru akaendeleza kindege cha mfano, cha vijiti na karatasi, walichokianza pamoja kabla ya vita: cha kivita cha zamani, bawa juu ya bawa, cha kurushwa kweli. Mchana alipika uji wa muhogo wa kubandikia karatasi bawa la juu, akauacha upoe.

Magharibi upepo ukazima kibatari. Gizani akasikia karatasi ikipapaswa, shaa, shaa.

“Medina, ni wewe iko hapo?”

“Mimi iko jikoni,” mkewe akajibu.

Akawasha kiberiti. Bawa lilikwisha kubandikwa, na kwenye uji palikuwa na alama ya mkono wa vidole vinne. Tahiru akaweka mkono wake juu ya alama ile. Ilikuwa na joto.