Majirani wa Ndani ya Simu

Kila asubuhi Rachelle aliamka peke yake, akakunja shuka lake, akabeba jerikeni na kushuka mtoni kuteka maji. Bomba la mtaa wao mjini Kasese lilikuwa limeharibika tangu mvua kubwa ziliponyesha. Akirudi, alikunywa uji, akafunga mlango kwa kufuli na kwenda shule. Mama yake, Laurentine, aliuza vitenge Bwera, karibu na mpaka, na alirudi nyumbani Jumamosi tu. Walikuwa wametoka Butembo, upande wa Kongo, mwaka huohuo.

Jioni ndiyo iliyokuwa ngumu. Watoto wa mtaani walikicheka Kiswahili chake cha Kongo, naye akaacha kukisema. Mama alimwachia simu janja ili wasalimiane, lakini salamu zilikwisha upesi, chumba kikabaki kimya. Rachelle alikuwa mpweke, tena mpweke kweli, si ule upweke wa kununa unaoponywa kwa chapati moja.

Siku moja mwalimu alitangaza kwamba manispaa inatafuta njia ya kuwasikiliza wananchi, na njia mbili zinajaribiwa. Ya kwanza ilikuwa jukwaa la mtandaoni kwa wenye simu janja: mtu anaandika maoni, na majirani wanamjibu. Ya pili ilikuwa kupiga namba na kusema shida yako, hata kwa katochi, zile simu ndogo zenye tochi. Njia itakayovuta watu wengi ndiyo itakayochaguliwa, na mtaa utakaosema zaidi utahudumiwa kwanza.

Jioni ile Rachelle alifungua jukwaa akaandika, "Habari za jioni?" Alingoja sana. Hakuna aliyejibu. Jukwaa halikudai zaidi ya jina, basi akajiandikisha upya kama Mama Neema, akajijibu mwenyewe: "Nzuri, mwanangu. Umekula?"

Alijua fika nani ameyaandika maneno hayo, lakini yalimfariji. Kesho yake akamzaa Mzee Baluku, bingwa wa utani, kisha wengine na wengine. Majirani hewa wakaulizana hali, wakacheka, na mwishowe wakaiomba manispaa mabenchi ya kukaa pamoja jioni.

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Alhamisi afisa wa manispaa, Madamu Kiconco, aliingia mtaani akitabasamu. Alimkuta Mama Apio, jirani wa mlango wa pili, mjamzito, akihema kando ya jerikeni aliyotoka nayo mtoni.

"Namtafuta Mama Neema," alisema afisa. "Mtaa wenu umeishinda mitaa yote! Kesho tunachagua jukwaa la mtandaoni, na mtaletewa mabenchi."

"Mabenchi?" Mama Apio alishangaa. "Sisi tunataka bomba, madamu. Mimi napiga ile namba kwa katochi yangu kila siku, nasema bomba, bomba. Na huyo Mama Neema, hapa simjui."

"Pole, mama. Wengi wamesema mabenchi."

Mama Apio aliinama taratibu, akaishika tena jerikeni yake.

Rachelle alikuwa amesimama mlangoni akisikia yote. Akinyamaza, nani atajua? Akisema, atachekwa tena. Isitoshe, atampoteza Mama Neema, mtu pekee aliyemwuliza kama amekula. Hata hivyo alitoka nje.

"Madamu, hao batu habako," alisema kwa Kiswahili cha kwao. "Ni miye njo niliandika byote."

"Wote?"

"Bote. Sikuwa na mutu ya kusema naye."

Tabasamu la afisa likatoweka. "Mtoto, unajua ulichotaka kufanya? Tungewasikiliza watu wasiokuwapo, na huyu mama angeendelea kupanda na maji."

Rachelle akaangua kilio. Mama Apio akaitua jerikeni, akamfuta machozi kwa upindo wa kitenge. "Na mimi nina kosa, madamu. Huyu mtoto anapita kwangu kila asubuhi, sijamwuliza hata jina."

Jioni ile Rachelle alifuta majina yote ya uongo, la Mama Neema likiwa la mwisho. Kisha Mama Apio akamshika mkono, wakabisha hodi nyumba kwa nyumba. Kila mlango Rachelle alieleza kosa lake. Wengine walimkaripia, mmoja alicheka, lakini wote waliipiga ile namba wakasema walichotaka: bomba.

Manispaa ilichagua njia ya kupiga namba, kwa kuwa katochi zilikuwa karibu kila nyumba. Siku bomba lilipofunguliwa, Madamu Kiconco alimwita Rachelle mbele ya watoto wenzake.

"Sauti moja ya uongo huziba sauti nyingi za kweli," alisema. "Huyu alikosea, lakini alisema kweli kabla hatujaumiza watu. Ninyi nanyi, mgeni akikosea maneno, mfundisheni, msimcheke. Na wewe, Rachelle, upweke ukikuzidi, bisha hodi. Usijitungie watu."

Jioni ya siku hiyo, chumba kilikuwa kimya kama kawaida. Simu ilikuwa juu ya meza, imezimwa. Mara hodi ikabishwa.

"Mwanangu," Mama Apio aliita kutoka nje, "umekula?"

"Bado, mama," Rachelle akajibu, akakimbilia kufungua mlango.