Mwamshaji wa Mtaa wa Inkerman

Haya yalimkuta rafiki yangu Edna Haworth, mtu asiyeamini hata utabiri wa hali ya hewa. Alikuwa akifuatilia ukoo wao, watu wa viwanda vya pamba huko Lancashire, na kumbukumbu za jeshi zikamfikisha kwa Seth, kaka wa babu yake, aliyepotelea Ufaransa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, bila kaburi. Tangu hapo Edna hakutulia. Kabla ya vita Seth alikuwa mwamshaji: alfajiri alipita mtaani na fimbo ndefu, akigonga vioo vya madirisha ya ghorofani kuwaamsha wafanyakazi wa viwanda, wala haondoki mpaka mtu ajitokeze dirishani.

Nyumba ya akina Seth, Mtaa wa Inkerman, ilibaki peke yake. Za jirani zote zilishabomolewa. Edna alienda na mdogo wake Clifford kuipiga picha, jioni ya Desemba, giza limeshaingia. Wakiwa chumba cha juu, kioo cha dirisha kikagongwa. Kisha tena.

"Tawi la mti hilo," Edna alisema.

"Mti uko wapi, dada?"

Kikagongwa kwa nguvu zaidi.

"Basi mwitikie," Clifford alisema, akijaribu kucheka. "Babu wa watu kazini miaka yote hii, hata chai hajanywa."

Edna alisogea dirishani, akainua mkono. Chini hapakuwa na mtu. Kugonga kukakoma.

Halafu wakasikia kugonga mbele kidogo, upande wa kushoto: fimbo juu ya kioo, pale penye uwanja mtupu palipokuwa na nyumba ya jirani. Kukakoma. Kukasogea mbele, kukaanza tena, kukakoma. Kila mahali kulikoma ghafla, kama kunavyokoma mtu anapojitokeza dirishani.