Sarafu Iliyogongwa Wakati wa Vita

Ndugu zangu wa Alunguli, hapa Kindu, nisikilizeni. Kila asubuhi Masudi na mke wake Jamila walimwagilia mboga za lengalenga katika bustani yao, na wanunuzi walifika kabla umande haujakauka. Hawakuwa matajiri, lakini hawakulala njaa.

Siku moja Masudi alisikia kwamba wazungu hununua kwa bei kubwa sarafu zilizokosewa kiwandani. Akakumbuka sarafu ya zamani, ya wakati wa Wabelgiji, aliyoachiwa na mama yake. Upande mmoja ulikuwa na herufi zilizogeuka kinyume, kama zinavyoonekana kwenye kioo. Tangu siku hiyo jembe likawa zito mkononi mwake.

"Masudi, ile haikuzaliwa vile," Jamila alimwambia. "Wakati wa vita, waasi walikuwa wanavunja milango ya watu. Mama yako alipanga sarafu mbili chini ya komeo ili likaze. Mimi nilizishika, yeye akagonga na nyundo. Moja ikaacha alama juu ya ingine. Njo vile tu ilipata herufi za kinyume."

"Wewe unajua nini juu ya kiwanda?"

"Kiwanda sikijui. Nyundo naijua. Vidole vyangu vilikuwa pale."

Masudi hakusikia, kwa sababu hakutaka kusikia. Akamuuzia jirani yao Okito ile bustani ili apate pesa ya safari, akapanda pikipiki kupitia Lubutu mpaka Kisangani, mvua na matope njia nzima.

Huko, mama mmoja mnunuzi wa sarafu za kale, jina lake Claire, aliigeuza mkononi.

"Papa, herufi zimegeuka, ni kweli. Lakini kosa lingekuwa la kiwanda, upande wa pili ungebaki muzuri. Angalia huku: sura imebondeka, ukingo umepinda. Hii waliigonga ilipokwisha kutoka kiwandani. Haina bei."

Masudi aliirudisha sarafu mfukoni, akaketi kwenye baraza la yule mama. Hata hasira hakuwa nayo. Alikuwa amechoka tu.

Aliporudi Kindu, alimkuta Jamila katika bustani ileile, akimlimia Okito kibarua. Akasimama pembeni, matope mpaka magotini.

"Ulisema kweli," akasema mwishowe.

Jamila hakuinua kichwa. "Nilisema mapema. Okito anatafuta mutu wa pili wa kulima. Enda umuombe."

FUNDISHO

Ndugu zangu, si kila kitu cha ajabu ni mali. Kosa la kiwanda huzaliwa pamoja na sarafu. Jeraha huipata baadaye. Kabla hujauza kinacholisha nyumba yako, muulize aliyekuwapo, na akikujibu, msikilize. Vita vilituibia vya kutosha. Tusijiibie wenyewe vilivyobaki.