Kagua Viungo Vyote

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi wa tovuti ya hospitali, mtu aliyechoka mpaka anasinzia akitafuna. Wagonjwa walikuwa wakibofya viungo vya kurasa zisizofunguka, na bosi alishafura.

"Fundi, kiungo kingine kikifa, kibarua chako kinaota nyasi."

"Sawa, mama."

Akaupanga mfumo ujikague wenyewe. Kwa uchovu akaandika tu "kagua viungo vyote," bila kusema vya nini, akabofya. Hapo umeme ukakatika. Chumba hakina dirisha, giza likajaa, lakini feni ya kompyuta ikaendelea kuvuma. Kioo kikaandika taratibu: "Goti: linajibu. Kiwiko: kinajibu. Kidole cha shahada: hakijibu."

Akacheka, akataka kubofya "funga." Kidole kikabaki juu ya kipanya, kimelala, kimepoa.