Kituo Kilichofungwa Kinajibu

Zahanati ya Mtakuja, kule Gongo la Mboto, ilikuwa imefungwa. Bati lilikuwa limeezuliwa, umeme umekatwa, na mashine yake ya kupokea majibu ya vipimo ilikuwa ndani ya boksi, chini ya meza ya Kokuberwa Revelian, ghorofani Chang'ombe. Hata hivyo, siku ile kabla ya adhuhuri, zahanati hiyo ilijibu kwamba imepokea.

Kokuberwa alisoma tena. Kazi ya ofisi yao ilikuwa kusambaza majibu ya vipimo vya damu kutoka maabara hadi zahanati za pembezoni mwa jiji. Jibu likifika, muuguzi aliyelipokea aliweka jina lake, na uthibitisho ukarudi Chang'ombe. Lisipofika, programu iliandika hitilafu, na kuzitafuta hitilafu hizo ndiyo ilikuwa kazi ya Kokuberwa. Sasa hapakuwa na hitilafu yoyote. Palikuwa na uthibitisho, na jina la aliyepokea lilikuwa lake mwenyewe, kamili.

"Kaka Erasmus," aliita, "hebu njoo uone hii ishu."

Erasmus Komba hakuinuka. Yeye ndiye aliyemtafutia kazi hiyo na kumfundisha, na ndiye aliyesimama kanisani kuwa baba wa ubatizo wa Asifiwe, binti wa Kokuberwa. Tangu siku hiyo alimwita Mama Asi. Pale kazini hakuna mwingine aliyemwita hivyo.

"Programu imechanganyikiwa tu," alisema, macho kwenye kompyuta yake. "Kituo kikipokea si ndiyo raha yetu?"

"Kitapokeaje, na mashine yenyewe naikanyaga hapa?"

"Basi umepokea wewe!" Akacheka, lakini akakatisha kicheko mwenyewe.

Uthibitisho uliendelea kuja. Kisha ukaanza kutangulia: Kokuberwa hajatuma kitu, zahanati inajibu imepokea. Kila ulipoingia, alihisi ganzi miguuni. Ilianza vidoleni, ikapanda kifundoni, ikafika magotini, na daktari aliyempima hakuona ugonjwa. Chini ya meza palinuka udi na udongo uliolowa. Aliligusa lile boksi, akalikuta lina joto kama mgongo wa mnyama.

Mchana mmoja mafundi wa kuchomelea vyuma wa ghorofa ya chini walizima mashine zao wakaenda kula, na katika ule ukimya, jua likiwa utosini na barabara imetulia, Kokuberwa akasikia ndani ya boksi mtu akivuta pumzi, taratibu, kama anayejiandaa kusema, kisha jina lake likaitwa, Kokuberwa Revelian, kwa sauti ya upole ya muuguzi anayeita wagonjwa waingie mmoja mmoja, na kabla hajajua anafanya nini mdomo wake ulikuwa umeshafunguka kuitika.

Akaufunga kwa kiganja. Ganzi ilikuwa imefika kiunoni.

Ndipo alipofanya alichopaswa kufanya tangu mwanzo. Alifungua kumbukumbu za hitilafu za kituo kile, akazikuta tupu. Akaiuliza programu nani amezizima. Erasmus Komba. Akauliza nani ameandikisha mpokeaji wa Mtakuja. Erasmus Komba. Mpokeaji wa awali, kabla ya Kokuberwa, alikuwa nani? Erasmus Komba.

Alipomgeukia, Erasmus alikuwa ameshavaa begi lake.

"Nilikwenda kuing'oa ile mashine peke yangu, mchana kama huu," alinong'ona. "Nikaitwa kutoka wodini, na wodini hamna mtu wala paa. Nikaitika, Mama Asi. Nikasema naam kabla sijaona nani ananiita. Ndipo hilo lililoniita likaanza kupokea kwa jina langu."

"Ukamtwika mwenzio?"

"Nilikwenda kwa mganga. Akasema nitafute mtu anayeniamini."

"Ukanipata mie."

"Sikuwa na mwingine," alisema Erasmus, akashuka ngazi.

Twaha, fundi mmoja wa chini, ndiye aliyemkuta Kokuberwa ameketi pale, hawezi kuinuka. Alimsikiliza, hakucheka, akawaambia wenzake wasiwashe mashine kwanza, akaenda Mtoni kumleta mjomba wake, Mzee Nassibu Mshamu, aliyezoea mambo ya majini.

"Shikamoo, babu," alisema Kokuberwa.

"Marahaba, mwanangu. Uliwahi kuliitika?"

"Hapana."

"Basi lipo mlangoni, halijaingia. Litakuita. Litachukua sauti ya umpendaye, lakini jina linalolijua ni lile uliloandikishwa tu. Usiitike. Ganzi ikifika kifuani kabla halijachoka, sina dawa. Likichoka, litamrudia aliyeitika kwanza."

Kokuberwa alikitazama kiti cha Erasmus, kilichokuwa kitupu.

Mzee Nassibu alifunga mlango kwa komeo, akachoma ubani, akalifunika boksi kwa kitambaa cheupe na kuanza kusoma kwa sauti ya chini. Boksi likatikisika. Kisha mama yake Kokuberwa, aliyezikwa Kamachumu, akaita kutoka chini ya meza, "Kokuberwa! Kokuberwa Revelian, mwanangu, nasikia baridi!" na sauti ilikuwa yake kabisa, hata kikohozi, ila mama yule hakuwahi kumwita mwanawe vingine zaidi ya Koku, na hilo peke yake ndilo lililomwezesha kuung'ata ulimi huku machozi yakimtiririka na ganzi ikimpanda mbavuni ubavu baada ya ubavu.

Ikasimama hapo. Boksi likatulia. Halafu zikasikika hatua za mtu anayepanda ngazi mbio, na mlango ukapigwa.

"Nifungulie! Mama Asi, mie Erasmus! Linanifuata, lipo hapa kwenye ngazi!"

Mzee Nassibu alimkazia macho na kutikisa kichwa.

"Mama Asi, niitikie tu, mara moja, litaniacha! Mie ni baba wa Asi! Mama Asi!"

Kokuberwa aliushika ukingo wa meza. Mdomo ulikuwa wake, na sauti ilikuwepo. Alisikia kucha zikikwaruza mbao kutoka juu hadi chini, polepole, kisha kitu kizito kikaburutwa ngazi hadi ngazi, na njia nzima bado kinamwita Mama Asi, Mama Asi, hadi mafundi walipowasha mashine zao.

Mzee Nassibu alifungua mlango. Hapakuwa na mtu. Harufu ya udi ilikuwa imekwisha, na Kokuberwa alihisi damu ikirudi miguuni kama sindano.

"Umejikaza, mwanangu," alisema mzee, akifuta jasho. Kisha akatazama ngazi. "Ile ya mwisho. Ilikuwa sauti ya mtu, au lenyewe?"

"Lenyewe, babu," alisema Kokuberwa, akainuka kwa miguu yake mwenyewe.